Safari za Vyombo Kwenda Sayari Nyingine: Nani Hupanga, Nani Hulipa?



  

 Kila mwaka tunaposomesha somo la miezi na kuandama kwa mwezi hapa Malangali, maswali ya watoto huwa hayaishii mwezini. Huuliza kama ni kweli kuna mashine zimefika Mirihi, nani amezituma, na zinarudi lini. Wakubwa nao wana swali lao, tena zito: kwa nini watu watumie mabilioni ya fedha kupeleka mashine kwenye mawe ya angani, na hali duniani kuna watu hawana mlo wa jioni?

Maswali haya yanastahili majibu ya uhakika. Katika makala hii tutaeleza jinsi safari hizi zinavyopangwa, fedha zinavyopatikana na mambo yanavyoharibika. Kisha tutatazama yanatuhusu vipi sisi watu wa Ufipa.

1. KWA NINI HUTUMWA MASHINE NA SI WATU

Sayari tano zinaonekana kwa macho bila darubini, na Kiswahili chetu kina majina yake tangu zamani: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Majina haya tumeyapata katika Kiarabu, lugha ambayo wanafalaki wa Kiislamu waliitumia kuandika hesabu za nyota.

Hadi leo hakuna binadamu aliyefika katika sayari yoyote nyingine. Watu wamefika mwezini tu. Huko kwingine kote zimekwenda mashine zinazojiendesha, ambazo huitwa roboti. Sababu ya kwanza ni umbali. Mirihi inapokaribia sana dunia huwa umbali wa kilomita milioni 55 hivi. Basi likienda kilomita 80 kwa saa, usiku na mchana bila kusimama, lingechukua miaka 78 kumaliza umbali huo. Chombo cha angani huchukua miezi saba hivi, kwa njia ndefu ya kuzunguka.

Sababu ya pili ni kwamba mashine haili, haivuti hewa na haihitaji kurudishwa nyumbani. Ikipotea, tunahuzunika, lakini hatuzikani.

Hata hivyo mashine hiyo haiwezi kuongozwa kama mtoto anavyoongoza gari la kuchezea. Ujumbe wa redio kutoka duniani hadi Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na dakika 22, kutegemea sayari hizo mbili ziko wapi. Ukiona shimo mbele ya mashine na kuiamuru isimame, itakuwa imekwisha kutumbukia. Kwa hiyo karibu kila jambo lazima lifikiriwe na kuandikwa ndani ya mashine kabla haijaondoka, na ndiyo maana mipango yake huchukua miaka mingi.

2. MPANGO HUANZA NA SWALI

Wengi hudhani kwamba kazi huanza kwa kujenga roketi. Sivyo. Huanza kwa swali: tunataka kujua nini? Je, Mirihi ilipata kuwa na maji mengi? Hewa yake ilikwenda wapi? Swali likiwa wazi, ndipo huchaguliwa vipimo vya kubeba. Uzito wa vipimo ndio unaoamua ukubwa wa chombo, na ukubwa wa chombo ndio unaoamua roketi na gharama. Mwenye kuanza na roketi ni kama mwenye kununua madirisha kabla ya kujua nyumba itakuwa na vyumba vingapi.

Nchini Marekani, kila baada ya miaka kumi hivi wanasayansi hukaa pamoja, hushauriana na kuandika orodha ya safari zinazostahili kutangulia. Katika orodha iliyotolewa mwaka 2022 walishauri kwamba safari kubwa mpya ya kwanza iwe ya kwenda sayari ya Uranusi, ambayo ilitembelewa na chombo kimoja tu, tena kwa kupita, mwaka 1986. Orodha hiyo si fedha. Ni ushauri, yaani shura, na serikali huutazama inapogawa fedha.

Baada ya swali huja tarehe. Dunia na Mirihi zote zinazunguka jua, kila moja kwa mwendo wake, na nafasi nzuri ya kusafiri hupatikana mara moja tu katika kila miezi 26. Ndiyo maana mwezi Julai 2020 ziliondoka safari tatu kwa mpigo, ya Falme za Kiarabu, ya China na ya Marekani. Aliyechelewa siku zile alipaswa kusubiri hadi mwaka 2022. Mkulima wa Ufipa analielewa jambo hili vizuri, kwani mvua za kupandia haziwasubiri wale ambao hawajanunua mbegu.

3. FEDHA HUTOKA WAPI

Njia ya kwanza ni bajeti ya serikali. Bunge hupitisha fedha mwaka kwa mwaka, ilhali safari huhitaji miaka kumi au zaidi. Hapo ndipo penye taabu. Mradi unaweza kuanza na serikali moja, ukapunguziwa na ya pili, na ukafutwa na ya tatu.

Mfano ulio wazi ni mpango wa kuleta duniani mawe na udongo wa Mirihi. Gari la Marekani liitwalo Perseverance, lililotua huko Februari 2021, limekusanya vipande hivyo na kuvifungia katika vibomba. Kazi ya kuvifuata ilikadiriwa na kukadiriwa tena, na kila mara gharama ilipanda. Mwaka 2024 shirika la NASA lilitangaza kwamba gharama ingeweza kufika dola bilioni 11 na mzigo usingefika duniani hadi mwaka 2040, na kwamba mpango ule haukubaliki kama ulivyo. Vibomba viko tayari kule, lakini nauli ya kuvirudisha haijapatikana.

Njia ya pili ni kuchangiana. Nchi za Ulaya zina shirika lao la pamoja, ESA, na mawaziri wao hukutana kila baada ya miaka mitatu hivi kuahidi michango. Ushirika hupunguza mzigo, lakini nao una mitihani yake. Gari la Ulaya liitwalo Rosalind Franklin lilikuwa liende Mirihi mwaka 2022 kwa roketi ya Urusi. Vita vya Ukraine vikazuka, ushirika ukavunjika, na safari ikasogezwa hadi mwaka 2028.

Njia ya tatu ni kupunguza gharama tangu mwanzo. India ilituma chombo chake cha kwanza kwenda Mirihi Novemba 2013 kwa dola milioni 74 hivi, kikafika Septemba 2014. Kilikuwa kidogo, kikabeba vipimo vichache, lakini kilifika mara ya kwanza tu kilipojaribiwa.

Iko na njia ya nne ambayo sisi Waislamu tunaijua kwa jina: wakfu. Mwaka 1259 mwanazuoni Nasir al-Din al-Tusi alianza kujenga kituo kikubwa cha kutazama nyota katika mji wa Maragha, ambao leo uko Iran. Kituo kile kiliendeshwa kwa mapato ya wakfu, kikawa na maktaba na wanafunzi kutoka nchi za mbali, na kikaendelea na kazi hata baada ya mtawala aliyekiamuru kufariki. Linganisha na kituo cha Taqi al-Din mjini Istanbul. Kilikamilika mwaka 1577 kwa msaada wa Sultani, na mwaka 1580 kikabomolewa kwa amri ya Sultani yule yule. Elimu inayotegemea radhi ya mtu mmoja hufa radhi ile inapoondoka. Inayotegemea mfuko uliowekewa utaratibu huishi.

4. MFANO WA FALME ZA KIARABU

Sasa tutazame safari moja tangu mwanzo hadi mwisho. Tumechagua ya Umoja wa Falme za Kiarabu kwa sababu ni nchi changa iliyoungana mwaka 1971, na kwa sababu wengi miongoni mwetu wana jamaa waliokwenda Dubai au Abu Dhabi kutafuta riziki.

Mwezi Julai 2014 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba itatuma chombo Mirihi, na kwamba kitafika kabla ya kutimia miaka 50 ya muungano wao, Desemba 2021. Wakati ule ndipo walipoanzisha wakala wao wa anga. Wahandisi walipewa muda wa miaka sita tu na bajeti isiyo ya kuchezea. Gharama iliyotangazwa baadaye ilikuwa dola milioni 200 hivi. Walipewa pia sharti moja kubwa: wajenge, wasinunue.

Hawakuanza na Mirihi. Tangu mwaka 2006 vijana wao walipelekwa Korea Kusini kujifunza kazi, na pamoja na wenzao wakajenga setilaiti ya DubaiSat-1 iliyorushwa mwaka 2009, kisha DubaiSat-2 mwaka 2013. Kila mara sehemu yao ya kazi ilikuwa kubwa kuliko mara iliyotangulia. Katika safari ya Mirihi walishirikiana na Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani, wakakaa na walimu wao meza moja kwa miaka. Walikubali kuwa wanafunzi kwanza.

Msimamizi wa mradi alikuwa mhandisi Omran Sharaf. Kiongozi wa upande wa sayansi alikuwa bibi Sarah al-Amiri, aliyezaliwa mwaka 1987. Wanawake walikuwa asilimia 34 ya kundi zima, na katika kundi la wanasayansi walikuwa asilimia 80. Tunawaomba wazazi wenye mabinti wausome tena mstari huo kabla ya kuamua nani aendelee na masomo na nani abaki jikoni.

Chombo kiliitwa Al-Amal, yaani Tumaini. Mwezi Aprili 2020, dunia ikiwa katika hofu ya korona, walilazimika kukisafirisha kwenda Japani mapema kuliko walivyopanga, kwa kuhofia mipaka kufungwa. Siku ya kurushwa iliahirishwa kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Hatimaye kikaruka asubuhi ya 20 Julai 2020 kwa saa za Japani, juu ya roketi ya Kijapani kutoka kisiwa cha Tanegashima.

Kilisafiri kilomita milioni 493 hivi. Tarehe 9 Februari 2021 kikafika penye mtihani wake mkubwa. Ili kinaswe na mvuto wa Mirihi ilikilazimu kupunguza mwendo kutoka kilomita 121,000 kwa saa hadi 18,000, kwa kuwasha mitambo yake sita kwa dakika 27 bila mtu wa kukisaidia. Ikumbukwe kwamba safari nyingi za Mirihi za miaka ya nyuma zilishindwa. Kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, Al-Amal ilipita salama.

Kazi yake ni kuchunguza hali ya hewa ya Mirihi: vumbi, mawingu, joto, na jinsi hewa inavyovuja kwenda angani. Habari zake zilianza kutolewa bure kwa ulimwengu mzima Oktoba 2021. Kilipangiwa mwaka mmoja wa Mirihi, yaani siku 687 za dunia, lakini kikaendelea zaidi ya hapo. Mwaka 2023 kilipita jirani na Deimos, mwezi mdogo wa Mirihi, na kuupiga picha.

5. SAFARI IJAYO, NA JIWE LA MBOZI

Nchi hiyo hiyo imepanga safari nyingine iliyo ngumu zaidi. Mwaka 2028 chombo kitaondoka kwenda katika ukanda wa miamba inayozunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Kitasafiri kilomita bilioni 5 hivi, kitapita karibu na miamba sita, na mwaka 2034 kitafika katika mwamba wa saba uitwao Justitia. Hapo kitateremsha mashine ndogo ya kutua. Mwamba huo una rangi nyekundu isiyo ya kawaida, na wanasayansi wanadhani huenda una maji na vitu vingine vya asili vilivyobaki tangu sayari zilipokuwa changa.

Mtoto aliyezaliwa mwaka 2014, ule mwaka uliotangazwa mpango wa Mirihi, atakuwa na miaka 20 hivi chombo hicho kitakapofika. Baadhi ya watakaozisoma habari zake leo wako darasani wanajifunza kuandika alifu.

Kwa sisi wa Sumbawanga, ukanda ule si mgeni kabisa. Ukishika barabara ya Laela hadi Tunduma, kisha ukaelekea upande wa Mbeya, utafika Mbozi, mahali lilipo jiwe maarufu liitwalo Kimondo. Lina urefu wa mita 3 hivi, na uzito wake unakadiriwa kati ya tani 12 na tani 16. Si jiwe la kawaida, bali sehemu yake kubwa ni chuma kilichochanganyika na nikeli. Wanasayansi wanaeleza kwamba vimondo vingi hutoka katika ukanda huo huo wa miamba. Kwa hiyo wenzetu wanatumia miaka mingi na fedha nyingi kwenda kutazama ndugu za jiwe ambalo limelala katika ujirani wetu. Wanafunzi wengi wa Rukwa hawajawahi kuliona.

6. MAMBO YANAPOHARIBIKA

Msije mkadhani kwamba kupanga vizuri ni kinga ya kila hasara. Mwezi Septemba 1999 chombo cha Marekani kilipotea kilipokuwa kinafika Mirihi. Uchunguzi ukaonyesha kwamba kundi moja la wahandisi lilitumia vipimo vya Kiingereza, yaani ratili, na kundi jingine lilitumia vipimo vya mfumo wa mita. Namba zilikuwa sahihi pande zote mbili, lakini hapakuwa na aliyehakikisha ni namba za kipimo gani. Wanafunzi wetu, mwalimu wa hesabu anapokata alama kwa sababu mmesahau kuandika mita au kilo, msinung'unike. Chombo kizima kilipotea kwa kosa la namna hiyo.

Falme za Kiarabu nazo zilipata hasara. Aprili 2023 gari lao dogo liitwalo Rashid lilikuwa linapelekwa mwezini ndani ya chombo cha kampuni moja ya Japani. Kompyuta ya chombo ilidhani imefika chini, kumbe ilikuwa bado kilomita 5 juu. Mafuta yakaisha, kikaanguka. Viongozi wao hawakulaumiana hadharani. Siku chache baadaye wakatangaza kwamba watajenga Rashid wa pili. Muumini hufunga ngamia wake kisha akatawakali, na ngamia akipotea hata baada ya kufungwa, hatupi kamba.

7. JE, SI ISRAFU?

Sasa tulijibu swali la wazee wetu. Wanazuoni wa misingi ya sheria wamegawa mahitaji ya watu mafungu matatu. La kwanza ni dharura, ambazo bila hizo maisha au dini huharibika. La pili ni haja, ambazo huondoa uzito. La tatu ni mapambo na ukamilifu. Fungu la kwanza hutangulizwa mbele ya la pili, na la pili mbele ya la tatu. Kwa kipimo hiki, serikali inayorusha vyombo na hali watu wake wanakufa kwa kukosa maji na dawa, imegeuza mpangilio. Hapo wazee wetu wana haki kabisa.

Lakini tuangalie na upande wa pili. Fedha za anga hazipakiwi ndani ya roketi zikatupwa. Hulipwa mishahara ya wahandisi, mafundi na walimu hapa hapa duniani. Bajeti yote ya NASA, pamoja na ukubwa wake, haifiki senti moja katika kila dola inayotumiwa na serikali ya Marekani. Na elimu ya anga si ya kutazama mawe tu. Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa hutumia picha za setilaiti kutabiri mvua, na mkulima wa Laela anayesikiliza redio kabla ya kupanda mahindi anakula matunda ya elimu hiyo.

Imam Ghazali katika kitabu chake cha Ihyaa aliihesabu elimu ya tiba na ya hesabu kuwa fardhi kifaya. Maana yake ni kwamba lazima wapatikane katika umma watu wa kuitekeleza, na wakikosekana kabisa, dhambi huwa ya wote. Kwa maoni yetu, kurusha chombo kwenda Mirihi si fardhi juu yetu. Lakini kuwa na watoto wanaoweza kuelewa hesabu zake ni jambo jingine, na katika hilo hatuna udhuru.

8. SISI TUKO WAPI

Afrika Mashariki haikuwa nje ya habari hizi. Huko Ngomeni, karibu na Malindi nchini Kenya, Waitalia walijenga kituo cha kurushia roketi juu ya bahari na kuanza kurusha setilaiti mwaka 1967. Walipachagua kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huisukuma roketi na kuokoa mafuta. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Hii ndiyo ya kwanza duniani kujengwa kwa ajili ya kuchunguza nyota kwa mionzi ya eksirei tu. Jina lilikuwa la Kiswahili na pwani ilikuwa yetu, ila chombo, roketi na matokeo yalikuwa ya wengine. Ilichukua hadi mwaka 2018 ndipo setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, iliyotokana na Chuo Kikuu cha Nairobi, ikaingia angani. Aprili 2023 ikafuata Taifa-1. Na Aprili 2025 Umoja wa Afrika ulizindua Wakala wa Anga wa Afrika mjini Cairo.

Hapa kwetu kuna jambo jingine. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham vya Uingereza walitangaza kwamba katika Bonde la Rukwa kuna gesi nyingi ya heliamu. Sehemu moja tu ilikadiriwa kuwa na futi za ujazo bilioni 54. Kisima kilichochimbwa eneo la Itumbula mwaka 2024 kilithibitisha kuwepo kwake. Gesi hii haiungui na haigandi hata katika baridi kali mno. Kwa sababu hiyo hutumika katika mashine kubwa za hospitali za kupiga picha za mwili, na pia ndani ya roketi, kusukuma mafuta kutoka kwenye matangi kwenda kwenye injini.

Basi huenda siku moja roketi inayokwenda sayari nyingine ikabeba hewa iliyotoka chini ya miguu ya watu wa Rukwa. Kuna namna mbili za kushiriki katika jambo hilo. Moja ni kuwa vibarua wa kubeba mabomba na walinzi wa geti. Ya pili ni kuwa wajiolojia, wahandisi na wahasibu wa mradi. Hakuna aibu katika kibarua cha halali, lakini tofauti ya namna hizo mbili huanza kidato cha kwanza, katika hesabu na fizikia.

9. TUFANYE NINI NYUMBANI

Njia waliyoitumia wenzetu kwenda Mirihi inaweza kutumika katika nyumba ya Malangali, bila roketi.

Kwanza, anzeni na swali. Mtoto huyu anapenda nini, anaweza nini? Msimchagulie kazi kabla ya kumjua.

Pili, wekeni tarehe. Andikeni mwaka atakaomaliza kidato cha nne na cha sita, na kitakachohitajika kila mwaka. Nafasi za masomo na za mikopo zina siku zake za mwisho, na zikipita ni kusubiri mwaka mwingine.

Tatu, tengeni mfuko na msiuguse. Wakati wa mavuno, bei ya mahindi hata ikiwa ndogo, familia inaweza kutenga gunia moja au mawili kwa jina la masomo. Liwe amana, si akiba ya harusi. Nabii Yusuf (A.S.) aliiokoa Misri kwa kuweka nafaka ya miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya shida. Mpango wake ulikuwa wa miaka mingi, na watu walikula kwa sababu ghala halikufunguliwa kabla ya wakati.

Nne, kubalini kujifunza kwa anayejua, awe jirani au mgeni, mkubwa au mdogo.

Tano, msimtupe mtoto kwa kufeli mara moja. Muulizeni kosa lilikuwa wapi, alirekebishe, aendelee.

Nasi kwa upande wetu tunakusudia, Inshaallah, kuwapeleka wanafunzi wa madarasa ya juu kuliona jiwe la Mbozi. Nauli itahitajika, na mchango wa kila mzazi utaandikwa katika daftari ambalo mzazi yeyote anaweza kuliomba na kulisoma.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja sayari tano zinazoonekana kwa macho.
2. Kwa nini safari za Mirihi huondoka katika miezi maalumu tu?
3. Eleza tofauti kati ya kituo cha Maragha na kile cha Istanbul katika upande wa fedha.
4. Chombo cha mwaka 1999 kilipotea kwa sababu gani?
5. Muulize mzazi wako: mwaka utakaomaliza kidato cha nne ni upi, na mfuko wako uko wapi?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa na awape wazazi wetu wepesi katika kuisimamia. Amin.

Wabillahi tawfiq.